Mizigo Tunduma: Ardhi ndiyo ichague foklifti, si bei

Na Mwandishi Wetu, Songwe

MTU anayeingia Tunduma kwa barabara akitokea Vwawa hana haja ya kuuliza mji huu unaishi kwa kazi gani. Kabla hajaziona ofisi za forodha, ataiona foleni ya malori, mengine yakielekea Lusaka na Ndola, mengine Lubumbashi, na mengine yakirudi Dar es Salaam yakiwa na shaba.

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu foleni hiyo umekuwa juu ya karatasi: nani anagonga mhuri, mtandao umekwama tangu lini, na wenzetu wa Nakonde wanafungua madirisha saa ngapi. Ni kwa sababu hiyo Oktoba 2019 marais wa wakati huo, John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, ambao wote sasa ni marehemu, walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili.

Hatua hiyo ilikuwa muhimu. Lakini karatasi ni nusu tu ya safari ya mzigo. Nusu nyingine iko nyuma ya barabara kuu, katika yadi, maghala na viwanja vya wazi ambako mzigo hushushwa, hupangwa na kupakiwa upya.

Lori likiharibika, shehena yake lazima ihamishiwe lori jingine. Ekseli ikizidi uzito kwenye mzani, mzigo lazima upangwe upya. Mahindi na kahawa kutoka Mbozi, Momba na Ileje vikifika kwa magari madogo, lazima vikusanywe kabla ya kupakiwa kwenye malori makubwa. Katika kazi zote hizo, mashine ya kunyanyulia mizigo ambayo wengi huiita foklifti ndiyo inayoamua kama lori litaondoka leo au kesho.

Na hapo ndipo lilipo tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Foklifti nyingi zinazouzwa nchini zikiwa zimetumika zilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji ya kiwanda au ghala. Zikifika mikoani, nyingine hupelekwa kwenye udongo, kokoto na tope. Mnunuzi huangalia bei na tani zilizoandikwa kwenye mashine, lakini haulizi mashine hiyo itakanyaga nini.

Hoja ya makala haya ni kwamba katika mji kama Tunduma ardhi ndiyo inayopaswa kuichagua mashine, na matunzo ya kila siku ndiyo yanayopaswa kuamua kama itaendelea kufanya kazi. Ikiwa kinyume, hasara haimwangukii mwenye mashine peke yake. Humfikia dereva aliye kwenye foleni, mkulima mwenye mahindi yanayosubiri kuvuka, na kibarua anayesimama chini ya mzigo ulioinuliwa.

Mzigo unaopita si mdogo

Mwaka 2024, baada ya ukame mkali kuharibu mavuno ya Zambia, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) uliingia makubaliano ya kuiuzia nchi hiyo mahindi tani 650,000. Ukiyagawa kwa magunia ya kilo 50, hayo ni magunia milioni 13. Kila gunia lazima liguswe angalau mara mbili, wakati wa kupakia na wakati wa kupakua.

Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na vibarua kwa migongo yao. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo anaopaswa kuubeba mwanamume mzima kwa mikono. Kila aliyewahi kusimama sokoni akaona lumbesa ikipakiwa anajua kwamba ukomo huo hauheshimiwi.

Kuna pia mizigo ambayo mgongo wa mtu hauwezi kuigusa kabisa. Fungu moja la mabamba ya shaba huwa na uzito wa takribani tani 2 hadi 2.5. Mbolea husafirishwa pia katika mifuko mikubwa ya tani moja. Mizigo hiyo bila mashine haitoki ilipo.

Tena si barabara peke yake. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita Tunduma. Septemba 2024 mjini Beijing marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Mabehewa yakiongezeka, mizigo ya kushushwa na kupandishwa nayo itaongezeka, na viwanja vya kufanyia kazi hiyo havitakuwa na lami siku hiyo hiyo.

Tope, vumbi na mwinuko

Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na yadi isiyo na mifereji hugeuka kuwa tope. Kuanzia Juni hadi Oktoba hali hugeuka, na kila lori linalopita huinua vumbi. Ardhi yenyewe ina miinuko na miteremko mingi.

Kila moja ya hali hizo ina athari yake kwa mashine, na ni vyema kuzieleza moja baada ya nyingine.

Foklifti ya kawaida ya kunyanyua tani 3 huwa na uzito wake yenyewe wa zaidi ya tani 4, kwa sababu nyuma imewekwa chuma kizito cha kusawazisha mzigo. Ikibeba tani 3, jumla inazidi tani 7, na takribani asilimia 90 ya uzito huo huishia kwenye magurudumu ya mbele. Hizo ni zaidi ya tani 6 zinazokandamiza eneo dogo la udongo. Si ajabu basi mashine inazama mahali ambapo lori limepita salama.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mashine hiyo hukwama pia ikiwa haina mzigo. Injini huyazungusha magurudumu ya mbele, wakati uzito mwingi wa mashine tupu uko nyuma. Magurudumu ya mbele hukosa kukamata, huzunguka palepale na kujichimbia shimo. Dereva huongeza mafuta, shimo huongezeka, na mwisho huitwa lori la kuivuta.

Mwinuko nao una gharama yake. Hewa ya milimani ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa Tunduma, injini iliyofanya vizuri ilipojaribiwa Dar es Salaam inaweza kupungukiwa na nguvu kwa karibu asilimia 15, ikatoa moshi mweusi na kushindwa kupanda mteremko ikiwa na mzigo kamili. Maji nayo huchemka chini ya nyuzi 100 kwenye mwinuko huo, hivyo mfuniko wa rejeta uliolegea, ambao Pwani ungevumilika kwa muda, huku huchemsha injini mapema zaidi.

Kuchagua kabla ya kulipa

Mnunuzi wa Tunduma ana aina tatu kubwa za kuchagua. Ya kwanza ni foklifti ndogo yenye matairi magumu ya mpira yasiyo na upepo, iliyo chini karibu na ardhi. Hiyo ni ya sakafu laini. Ikipelekwa kwenye kokoto, kila mtikisiko humfikia dereva mgongoni, na kwenye tope haiendi popote.

Ya pili ni foklifti ya kawaida ya dizeli yenye matairi makubwa kiasi, ya upepo au ya mpira mzito yaliyofanana na ya upepo. Hii hufanya kazi vizuri kwenye lami, saruji na kokoto iliyoshindiliwa. Udhaifu wake ni kwamba sehemu yake ya chini iko sentimita 12 au 13 tu kutoka ardhini, hivyo mawe na matuta huikwaruza.

Ya tatu ni foklifti ya ardhi mbovu, yenye matairi makubwa mithili ya trekta. Nyingi huendeshwa kwa magurudumu yote manne, na tumbo lake hukaa sentimita 25 au zaidi juu ya ardhi. Hii ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya tope. Lakini ni ghali, ni pana, inahitaji nafasi kubwa ya kugeuka, na haiwezi kuingia ndani ya kontena wala kupita kati ya safu za magunia ghalani.

Kwa hiyo lingekuwa kosa kumshauri kila mwenye yadi anunue aina ya tatu. Kwa wengi, jibu la gharama nafuu ni kuirekebisha ardhi kwanza: kuchimba mifereji, kumwaga kokoto, kushindilia, na kisha kutumia foklifti ya kawaida ya dizeli. Mwenye kiwanja kipya, au kazi inayohama kutoka shamba hadi shamba wakati wa mavuno, huyo ndiye mwenye sababu ya kutafuta mashine ya ardhi mbovu, au kuikodi kwa miezi ya mvua.

Hesabu ndogo ya mfano inaonyesha kwa nini ardhi ina thamani ya fedha. Chukulia lori la tani 28, yaani magunia 560 ya kilo 50, yaliyopangwa kwenye mbao za kunyanyulia kwa magunia 20 kila moja. Hizo ni safari 28 za foklifti. Safari ikichukua dakika 3, lori linamalizika kwa dakika 84, na katika saa 10 za kazi malori 7 yataondoka. Tope likiifanya safari ichukue dakika 6, malori yanayoondoka ni 3. Mashine ni ileile, dereva ni yuleyule, na mshahara haujapungua.

Kuhusu nishati, dizeli bado ina nafasi ya mbele kwa kazi za nje. Mashine za betri ni tulivu na hazitoi moshi, lakini zinahitaji sehemu nzuri ya kuchajia na sakafu nzuri. Za gesi zinafaa pale ambapo mitungi yake na fundi wake wanapatikana karibu. Dizeli inapatikana kila kituo cha mafuta kando ya barabara kuu.

Hata hivyo dizeli ina masharti. Moshi wake uliwekwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Foklifti ya dizeli haipaswi kufanya kazi ndani ya ghala lililofungwa au kontena refu bila hewa ya kutosha, kwa kuwa kabla ya hatari hiyo ya miaka mingi ijayo ipo ya siku hiyohiyo, ya kukosa pumzi.

Mnunuzi anayevutiwa na mashine mpya kabisa za Ulaya aulize pia kuhusu kichujio cha masizi. Injini zenye vichujio hivyo hudai dizeli yenye salfa kidogo mno, na mafuta yasiyofikia kiwango huziba mfumo ambao fundi wa mtaani hana kifaa cha kuufungua. Wakati mwingine injini ya zamani kidogo, yenye pampu ya kawaida, ndiyo itakayodumu Songwe.

Tani zilizoandikwa si tani utakazobeba

Pengine kosa la hatari zaidi ni kusoma kibati cha mashine nusunusu. Foklifti iliyoandikwa tani 3 hubeba tani 3 pale tu ambapo katikati ya mzigo ni sentimita 50 kutoka mwanzo wa meno. Mzigo ukiwa mrefu, katikati yake husogea mbele, na uwezo hupungua kama vile mtoto mwepesi anavyomwinua mkubwa akikaa mwisho wa ubao wa bembea.

Kwa mashine ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi mwanzo wa meno ni sentimita 45, mzigo ambao katikati yake iko sentimita 70 utaishusha foklifti ya tani 3 hadi karibu tani 2.5. Ukiongeza kifaa cha kubania au kurefusha meno, uwezo hushuka zaidi. Na takwimu zote hizo ni za ardhi tambarare na mlingoti uliosimama wima. Kwenye mteremko wa pembeni au tairi lililolala shimoni, takwimu hizo hazitumiki tena.

Sababu iko chini ya kiti cha dereva. Ekseli ya nyuma ya foklifti nyingi imeshikiliwa na pini moja katikati, hivyo mashine, ijapokuwa ina magurudumu manne, husimama kama kigoda cha miguu mitatu. Mzigo ukipandishwa juu, uzito hupanda nao, na shimo dogo upande mmoja linatosha kuipindua.

Anayenunua mashine iliyotumika, kutoka Japani au kwingineko, afanye mambo yafuatayo kabla ya kulipa. Asome kibati, na kama hakipo aondoke. Alinganishe mita ya saa na pedali pamoja na kiti, kwa kuwa mita inaweza kurudishwa nyuma lakini pedali iliyolika haidanganyi. Awashe injini ikiwa baridi, si ile iliyopashwa moto kabla hajafika. Anyanyue mzigo halisi, azime, asubiri dakika 10 aone kama meno yanashuka yenyewe. Yakishuka kwa kiasi cha kuonekana, sili au vali za haidroliki zimechoka.

Anayepanga kuingiza mashine ndani ya kontena apime pia urefu wa mlingoti ukiwa umeshushwa. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha takribani mita 2.28, na mlingoti usio wa aina inayopandisha meno bila yenyewe kurefuka utagonga paa kabla ya gunia la tatu.

Matunzo huhesabiwa kwa saa

Wamiliki wengi hulitunza gari dogo kwa kilomita, na tabia hiyo huihamishia kwenye foklifti. Foklifti haiendi mbali, lakini injini yake hufanya kazi kutwa nzima. Watengenezaji wengi hutaka oili ya injini ibadilishwe takribani kila saa 250. Kwa mashine inayofanya kazi saa 8 kwa siku 6 za wiki, hiyo ni kama kila wiki 5, wala si mara mbili kwa mwaka.

Katika vumbi la Septemba, hata muda huo ni mrefu kwa baadhi ya sehemu. Kichujio cha hewa kinapaswa kuangaliwa kila siku. Kikiziba, injini hukosa pumzi na kula mafuta mengi. Kikitoboka, vumbi huingia na kusaga silinda kama msasa. Ukikisafisha kwa upepo wa kompresa, upepo utoke ndani kwenda nje na usiwe mkali, na kikichakaa kibadilishwe.

Rejeta nayo huziba kwa vumbi, makapi ya mahindi na nyuzi za magunia. Mapezi yake yapulizwe kwa kufuata njia ambayo uchafu uliingilia, si kuusukuma ndani zaidi. Mashine nyingi hazichemki kwa sababu ya kukosa maji bali kwa kukosa hewa inayopita kwenye rejeta.

Mafuta yasiyo safi ni adui mwingine. Tangu 2010 dizeli ya soko la ndani imekuwa ikiwekewa vinasaba ili kupambana na uchakachuaji, lakini hata dizeli halali huharibika ikitunzwa kwenye pipa lililo wazi chini ya mvua. Kikombe cha kutenganisha maji na mafuta kimwagwe kila asubuhi. Tangi lijazwe jioni, si asubuhi, ili unyevu wa usiku wa baridi usigeuke matone ndani yake.

Kisha kuna sehemu zinazobeba uhai wa watu, yaani cheni na meno. Cheni ya kunyanyulia inapochakaa, kwa kawaida hurefuka kwanza. Kipande kilichokuwa sentimita 100 kikifika 103, yaani ongezeko la asilimia 3, cheni yote inapaswa kubadilishwa. Jino lililolika kwa asilimia 10 ya unene wake, kwa mfano kutoka milimita 40 hadi 36, limepoteza karibu asilimia 20 ya nguvu, na linapaswa kutolewa.

Jino lililopinda au kupasuka lisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea wa kawaida. Chuma chake kimeimarishwa kwa moto wa kiwandani, na joto la kuchomelea huilegeza sehemu ileile inayobeba mzigo. Kwa nje litaonekana limepona, lakini nguvu yake itakuwa imekwisha.

Mpira wa haidroliki unaovuja usitafutwe kwa kupapasa na kiganja. Oili yenye mgandamizo mkubwa hutoka kwenye tundu dogo kama sindano na kuingia chini ya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo laweza kumgharimu mtu mkono. Kipande cha boksi kinatosha kuonyesha panapovuja.

Yote hayo yanahitaji vipuri, na Tunduma iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Mashine ya jina lisilojulikana, hata ikiwa rahisi namna gani, itakaa juu ya mawe wiki nzima ikisubiri sili moja. Mmiliki makini huweka ghalani vichujio vya miezi kadhaa, mikanda, mipira ya haidroliki ya vipimo vinavyopasuka mara kwa mara na tairi moja la akiba, na kabla ya kununua huuliza Mbeya ni fundi gani anaifahamu mashine hiyo.

Mtu aliye juu na mtu aliye chini

Hata mashine bora humdhuru mtu ikiendeshwa na asiyefunzwa. Kujua kuendesha lori hakumfanyi mtu awe dereva wa foklifti. Lori huongozwa kwa magurudumu ya mbele, foklifti kwa ya nyuma, na mkia wake hufagia pembeni inapogeuka. Wengi wanaoumizwa si walio mbele ya meno bali waliosimama ubavuni wakidhani wako salama.

Kwenye mteremko kanuni ni moja: mashine yenye mzigo huweka mzigo upande wa juu, ikipanda huenda mbele, ikishuka hurudi kinyumenyume. Mashine ikianza kupinduka, dereva asiruke. Akiwa amefunga mkanda, aushike usukani na kuegemea upande wa pili, kwa sababu anayeruka ndiye anayeangukiwa na fremu ya paa.

Na kuna lile zoea la kumpandisha kibarua kwenye meno ili afikie magunia ya juu. Hakuna haraka ya mteja inayohalalisha jambo hilo.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mitambo ni salama na wanaoitumia wamefunzwa. Mafunzo ya foklifti yanatolewa nchini, ikiwamo VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) nao upo kwa ajili ya mfanyakazi anayeumia kazini.

Lakini kibarua wa yadi, anayelipwa kwa lori na kuondoka jioni, mara nyingi hana karatasi yoyote inayoonyesha alikuwa akimfanyia nani kazi. Siku akiangukiwa na mzigo, sheria nzuri iliyoko kwenye vitabu huwa mbali naye sana. Kuandika majina ya vibarua kila asubuhi hakugharimu zaidi ya daftari na kalamu.

Wapo pia wanaoogopa kwamba foklifti itawanyima vijana mkate. Hofu hiyo ina msingi, kwani mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Lakini mashine huhitaji dereva, fundi, mpangaji wa mbao na mwongozaji wa yadi, na kazi hizo hulipa bila kumvunja mtu mgongo akiwa na miaka 35. Swali kwa viongozi wa mkoa na halmashauri ni iwapo vijana wanaobeba magunia leo ndio watakaofunzwa kuziendesha, au wataletwa wengine kutoka nje.

Nini kifanyike

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, bado unajenga sura yake. Tunduma ndiyo mlango wake, na mlango huo hupimwa kwa muda ambao mzigo unakaa. Halmashauri inayotoa vibali vya yadi inaweza kudai mifereji na kokoto iliyoshindiliwa kabla ya lori la kwanza kuingia. Wamiliki wadogo wanaweza kuungana na kukodi mashine moja ya ardhi mbovu kwa miezi ya mvua badala ya kila mmoja kununua isiyofaa.

Mwenye mashine naye anaweza kuanza kesho asubuhi bila kusubiri mtu: dakika 10 kabla ya kuwasha injini, kuangalia oili, maji, matairi, cheni, meno, breki na honi, na kuandika alichokiona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika yadi za Tunduma ufa wenyewe mara nyingi ni kichujio kilichojaa vumbi au cheni iliyorefuka sentimita 3, na kuuziba huchukua muda mfupi kuliko ule ambao lori moja hutumia kwenye foleni.